Mafuta Yameshuka Bei

Siku mafuta yaliposhuka bei, mume wa Fundi alirudi nyumbani na kuku wawili walio hai, mmoja kila mkono, akaingia uani akipiga mluzi kama mtu aliyeokota fedha. Alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta, na asubuhi ile ni yeye aliyepanda ngazi kubandua tarakimu za zamani ubaoni na kubandika mpya. Alisema watu walimpigia makofi pale juu. Wenye magari walijaza tangi pomoni, wakamwachia chenji, na bwana mmoja alimkumbatia na shati lake jeupe, akasahau kwamba mtu wa pampu hunuka petroli.

“Na bado,” alisema, akiwaweka kuku chini. “Wanasema yatashuka tena. Huko duniani yamekuwa mengi hayana mnunuzi.”

“Basi na nauli itashuka,” alisema mama yake kutoka kibarazani. Miguu ilikuwa imemgomea mama huyu tangu zamani, hakuwa akitoka nje ya ua, lakini habari za nauli alizifuatilia kama mtu mwenye safari kesho. “Nikipata nauli rahisi nitakwenda kumtukana dada yangu nyumbani kwake, simu inakula fedha.”

Fundi aliwasikia kutoka sebuleni, akacheka. Alikuwa kwenye cherehani, mguu haupumziki. Sebule yote ilikuwa imegeuka karakana: vitambaa vya buluu vimepangwa mpaka usawa wa dirisha, cherehani mbili mpya kando ya ile ya zamani, na kochi limesukumwa ukutani likibeba mifuko ya vifungo. Zilikuwa ovaroli mia tatu za kampuni inayohudumia visima vya mafuta. Katika nyumba ile, siku ile ya kuku wawili, hakuna aliyejiuliza mafuta yakiwa rahisi nani atazivaa.

Hatuwezi kuwalaumu. Mtu akikaa upande wa mnunuzi hushangilia bei kushuka, na wao kwa maisha yao yote walikuwa wamekaa upande huo. Kwamba safari hii walikuwa wamehamia upande wa muuzaji bila kubeba hata godoro, hilo lilihitaji mtu wa kuwaambia, na hakuwepo.

Fundi alikuwa na desturi yake ya kazi, na aliisifu kwa wanafunzi wote waliopita mikononi mwake. Alitarizi chapa kwanza, kabla ya kuunganisha nguo, maana kitambaa kikiwa bado kipande hutulia chini ya sindano. Wengine hushona nguo nzima kisha wakabandika chapa juu, ikatoka imekunjamana kama uso wa mtu aliyelala vibaya. Yake ilitoka safi. Kwa hiyo kabla ya ovaroli hata moja kukamilika, vifua vyote mia tatu na migongo yote mia tatu ilikuwa tayari na mwali wa moto wa njano, chapa ya kampuni.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha aina isiyoshika moto, kinatoka nje, na bei yake haikuwa ya kucheza nayo. Ndiyo maana alikopa benki. Ndiyo maana pia hati ya nyumba, iliyokuwa na jina la mama mkwe wake, ilikwenda kuwa dhamana. Siku ya kuweka dole gumba mama alikuwa ameuliza swali moja tu.

“Watakuja kuichukua?”

“Hapana, Mama,” Fundi alimjibu. “Itakaa tu benki, kama nguo ya sikukuu kabatini.”

Mama akakandamiza dole gumba, akafuta wino kwenye khanga, akasema anachotaka yeye ni kutolewa katika nyumba ile akiwa amebebwa, si akitembea.

* * *

Meneja manunuzi wa kampuni alimpokea Fundi kwenye kontena lenye kiyoyozi, siku alipopeleka sampuli. Mezani hakukuwa na kitu ila kikombe. Fundi aliiweka ovaroli mbele yake, akaikunjua kola ili mshono uonekane.

“Kazi nzuri,” meneja alisema bila kuigusa. “Dada, kaa.”

Alikaa.

“Visima vimefungwa. Si vyote, lakini vile tunavyovihudumia sisi vimefungwa. Kwa bei ya sasa kila pipa linalotoka ni hasara. Watu wameanza kupunguzwa tangu wiki iliyopita. Sasa nikichukua ovaroli, nitamvalisha nani?”

“Lakini mlisema haraka. Mlisema niache kazi nyingine zote.”

“Tulisema.”

“Nimeshakata. Nimeshatarizi. Zote.”

“Zote?” Meneja alimtazama kwa mara ya kwanza. “Kwa nini zote? Kwa nini hukutarizi kidogo kidogo?”

Fundi aliona aibu kueleza habari za kitambaa kutulia chini ya sindano. Ghafla ile hekima yake ya miaka mingi ilionekana upuuzi wa mtu asiyejua biashara. Alisema tu kwamba ndivyo anavyofanya.

“Basi nisikilize vizuri,” meneja alisema. “Nguo yenye chapa yetu haiuzwi nje. Imo kwenye mkataba. Mtu akiivaa anaweza kupita langoni, unaelewa? Ukitaka kuziuza, fumua chapa kwanza.”

“Na fedha yangu?”

“Ulipewa malipo ya awali.”

“Yale hayakufikia hata nusu ya kitambaa.”

“Mambo yakitengemaa tutakuita.” Meneja aliinuka. Ndipo Fundi alipoona kwamba suruali aliyovaa ni ya ovaroli aliyoshona yeye mwaka uliotangulia, na kwamba miguu yake aliipunguza mwenyewe, vibaya, kwa pini. Kwa mazoea ya kazi alitaka kuinama airekebishe. Langoni mlinzi alimdai kadi ya mgeni, na alipochelewa kuitafuta mkobani alimwambia, “Harakisha mama, wenye kazi wanapita.”

* * *

Siku zile redioni ilianza kusikika sauti ya gavana wa benki kuu. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyeshiba na anayesikitika. Ilisema sarafu imeyumba, na kwamba ili kuilinda, riba imepandishwa. Wiki chache baadaye ikasema imepandishwa tena.

“Huyu mtu kila siku anapandisha,” mama mkwe alisema, akipukuchua mahindi. “Hachoki mabega?”

Mwanawe alicheka, mkewe hakucheka. Kesho yake Fundi alivaa gauni lake la kwendea harusini, akaenda benki. Alingoja mbele ya dawati ambalo kalamu yake ilifungwa kwa uzi ili wateja wasiibe.

Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye tai, mwenye adabu, na ndiye aliyempa mkopo. Siku ile ya kutia saini alimwambia kwamba riba hii inafuata ya benki kuu, ikishuka na yeye anashuka nayo. Kupanda hakukutajwa. Hata harusini hakuna anayetaja talaka.

“Rejesho lako limeongezeka, mama,” alisema sasa, akiigeuza kompyuta kidogo ili naye aone. “Si sisi. Ni benki kuu.”

“Mimi na benki kuu hatujuani.”

“Mkataba wako unaijua.”

Fundi alitazama tarakimu. Ilikuwa karibu mara mbili ya aliyoizoea, na hata ile ya zamani hakuwa nayo mkobani.

“Nieleze,” alisema. “Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Kisima kimefungwa huko, mimi nimekosa kazi. Hiyo naielewa. Sasa deni langu linakua kwa nini?”

Kijana alivuta pumzi. “Nchi yetu inauza mafuta. Mafuta yakiwa rahisi, dola zinazoingia ni chache. Dola zikiwa chache fedha yetu inakosa nguvu, kila kitu cha nje kinapanda. Benki kuu inapandisha riba ili watu wasikope ovyo, waweke akiba, sarafu ipate nguvu tena.”

“Mimi sikukopa ovyo. Nilikopa nikanunua kitambaa.”

“Najua, mama.”

“Na hiyo sarafu ikishapata nguvu, mimi nitakuwa nimefika wapi?”

Afisa alimwomba radhi na kumwita mteja mwingine. Fundi alibaki amekaa mpaka yule mteja aliposimama juu yake akikohoa. Barabarani alilia waziwazi, huku akijiambia ni jua.

* * *

Alifumua chapa. Alikaa chini na wembe, akazifumua moja moja, kifua na mgongo, na uzi wa njano ukajaa sakafuni mpaka mama mkwe akauliza kama wamefuga vifaranga. Lakini kitambaa kile kilikuwa kigumu, na sindano ilipopita iliacha tundu lisilozibika. Uzi ukitoka, mwali unabaki palepale, wa vitundu. Akaziunganisha hivyo hivyo, akazipeleka kwa mafundi magari wa gereji zote za mtaani. Walizishika, wakaziinua kwenye mwanga, wakachekeana.

“Dada, hizi zimeliwa na panya wenye mpango,” mmoja alisema. “Tazama, wamechora.”

Wachache walinunua, kwa bei ya kumfukuzia. Naye aliwashukuru, na kule kushukuru kulimuuma kuliko bei yenyewe.

Kwa mumewe nako mambo yalikwenda mrama. Nchi ile ilichimba mafuta mabichi lakini petroli iliyosafishwa ilinunua kwa wengine, kwa dola. Sarafu ilipoporomoka mhudumu alipanda tena ngazi, safari hii kubandika tarakimu kubwa kuliko zile za kwanza. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye gari mmoja alimwuliza kama hana haya, kana kwamba bei ameitunga yeye usiku kitandani. Magari yalipungua, mwenye kituo akapunguza zamu, na mume akaanza kukaa nyumbani siku ambazo zamani alikuwa kazini. Alikaa kwenye kochi kati ya mifuko ya vifungo, akizima redio kila sauti ya gavana ilipoanza.

Cherehani mbili mpya ziliondoka kwanza. Kisha ikaja barua ya benki, na baada yake nyingine yenye neno mnada.

“Mama aambiwe,” Fundi alisema. Walikuwa jikoni, wanaongea kwa kunong’ona kama wezi.

“Mwambie.”

“Mimi? Ni mama yako.”

“Nani alikopa?” mume aliuliza. “Nani aliyemwambia ni nguo ya sikukuu kabatini?”

“Na nani alileta kuku?”

“Kuku wanahusikaje hapa?”

Hata yeye hakujua kuku walihusikaje. Alijua tu kwamba anamchukia, kwa dakika ile, kwa mluzi wake wa siku ile. Mume aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Kwamba baba yake aliijenga nyumba hii kwa kujinyima nyama, na mama alimbebea maji ya saruji akiwa na mimba yake. Amwambieje?

“Basi tusubiri kidogo,” alisema. “Pengine Mungu atafungua mlango.”

Wakasubiri. Kila asubuhi Fundi aliamka na nia ya kusema, akipeleka chai kibarazani nia inamtoka. Mama angemsifia chai, angemtania kwamba amekonda, atafute mume mwingine mwenye mkate. Mtu utaanzia wapi?

* * *

Vijana wa dalali walikuja na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Walipima ua, wakahesabu vyumba, wakaandika namba ukutani karibu na mlango. Mama aliwatazama kwa furaha, maana ua ule ulikuwa umekosa wageni.

“Hawa ni akina nani?”

Fundi alikuwa amesimama na beseni la nguo. Alifungua kinywa kusema kweli, kikatoka kitu kingine.

“Watu wa serikali, Mama. Wanahesabu nyumba.”

“Wanahesabu za nini?”

“Wanaandika tu. Nzuri na mbovu.”

Mama alitikisa kichwa taratibu, akaonekana kupata wasiwasi. “Nilisikia redioni. Zile mbovu wanazibomoa.” Kisha akamwita mmoja wa wale vijana. “Wewe mwanangu, andika hapo kwamba hii ni imara. Umesikia?”

Kijana alimtazama Fundi, Fundi akatazama beseni. “Nimesikia, bibi,” kijana alisema, akaondoka na kopo lake.

Majirani wote walijua maana ya namba nyekundu. Walipita wakamsalimu mama kwa heshima iliyozidi kiasi, wakamwulizia miguu, wakaenda zao. Hakuna aliyetaka kuwa mdomo wa habari ile.

Fundi alirudi benki mara ya mwisho, hata gauni la harusini hakulivaa. Afisa mikopo alimsikiliza, kisha akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipohakikisha hawasikiki aliongea haraka.

“Mama, siwezi kuusimamisha mnada. Lakini nikuambie kitu. Mwezi huu minada yetu yote imekosa watu. Fedha ni ghali, nani atakopa anunue nyumba? Na yako ikikosa mnunuzi, sheria ya ndani inaniruhusu kulipeleka deni lako kwa wakubwa walipange upya. Unapewa muda mrefu, mpaka riba itulie. Omba tu asijitokeze mtu.”

“Ni kweli unayosema?”

“Kuna bwana mmoja ameomba kuja kuitazama kabla. Mmoja tu. Asipoipenda, umepona.”

Fundi alimshika mkono, akambusu mkono ule kijana yule mdogo, naye akautoa kwa aibu na kutazama juu kama kuna aliyeona.

* * *

Bwana yule alikuja akiwa na dalali, na alikuwa mtu mpole. Hilo Fundi hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mwenye kitambi na pete, akaletewa mzee mwembamba aliyevua kofia mlangoni na kufuta viatu kwenye gunia kabla ya kukanyaga sakafu. Mume wa Fundi alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake makusudi ili asiwepo.

“Hodi wenyewe.”

“Karibu, karibu!” Mama alikuwa ameshajivuta mpaka mlangoni kwa kushika ukuta, amevaa khanga mpya. “Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanangu, mpe baba kiti. Si hicho, hicho kina mguu mmoja mgonjwa kama mimi. Mpe changu.”

Fundi alileta kiti. Dalali alibaki nje na simu yake.

“Nimekuja kuiona nyumba, mama,” bwana alisema, kwa upole wa mtu aliyeambiwa kwamba wenye nyumba wanajua na wamekubali.

“Najua. Wenzako walishanieleza, na mimi nimekusubiri nikuonyeshe mwenyewe. Hawa vijana wanapima wanaondoka, hawaulizi. Nyumba huwezi kuijua kwa utepe.”

“Kweli kabisa,” bwana alisema, akapendezwa.

“Paa linavuja,” Fundi alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. “Huku nyuma, mzee. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo.”

Mama aligeuka kumtazama kana kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu. “Linavuja wapi? Mvua zote hizi wewe umeweka ndoo wapi? Baba, msamehe mkwe wangu, kazi zimemzidi, siku hizi anaongea vitu. Njoo uguse ukuta huu. Gonga. Gonga kwa nguvu!”

Bwana aligonga. Ukuta ulijibu kwa sauti nzito.

“Umesikia? Marehemu alichimba msingi mpaka kiunoni. Mafundi walimcheka, wakamwuliza kama anajenga nyumba au anatafuta mafuta.”

Bwana alicheka kwa moyo wote. Mama naye alicheka, akamshika mkono amwegemee, wakaenda pamoja chumba kwa chumba. Alimwonyesha mbao za dari ambazo mchwa walizijaribu wakashindwa. Alimwonyesha dirisha ambalo upepo hupitia mchana mtu akalala bila feni. Alimfungulia chumba chake mwenyewe, ambamo hata mwanawe hakuingia bila hodi. Miguu yake ilitetemeka kwa maumivu lakini hakutaka kukaa, maana alikuwa na kazi ya kuiokoa nyumba yake isibomolewe, na aliona inakwenda vizuri.

Fundi aliwafuata nyuma. Sentensi moja tu ingetosha, Mama, huyu ni mnunuzi, na bibi yule angekaa chini, angelia, angemlaani, na bwana mpole angevaa kofia yake na kwenda. Alijua hivyo kwa uhakika. Alilifikisha neno mpaka kwenye meno. Lakini kuitoa sentensi ile ilikuwa ni kutoa na nyingine zote zilizokaa nyuma yake, ya watu wa serikali, ya nguo kabatini, ya chai ya kila asubuhi, mbele ya mgeni. Alishindwa. Tuseme kweli, aliona aibu, na aibu ilimzidi nguvu.

“Na wewe baba, shughuli zako ni nini?” mama aliuliza walipofika tena kibarazani.

“Nilikuwa na duka, mama. Nililiuza mapema kabla mambo hayajaharibika, fedha nikaiweka benki. Riba za siku hizi zimenifaa. Fedha imelala tu, kila mwezi naikuta imezaa.”

“Mungu azidi kukubariki,” mama alisema. “Na sisi utuandikie vizuri.”

Bwana hakuelewa, lakini aliitikia kwa kuinamisha kichwa.

* * *

Mnada ulifanyika ofisini kwa dalali. Fundi alikwenda peke yake, akasimama nyuma karibu na mlango. Nyumba tatu ziliitwa na kupita bila mtu hata kukohoa, na kila moja ilipopita moyo wake ulipata nafuu kidogo. Ilipoitwa ya nne, yao, dalali alitaja bei ya kuanzia, akatazama huku na huku. Bwana mpole aliinua mkono, taratibu, kama mwanafunzi anayetaka kwenda nje. Mwingine hakuwepo.

Bei ile ilitosha deni, riba na gharama za dalali. Fundi aliambiwa ashukuru kwamba hakubakiwa na la kulipa zaidi.

Bado hawakumwambia mama. Mume alisema watatafuta kwanza chumba cha kupanga, ili habari mbaya ije na mahali pa kuiweka. Lakini bwana mpole, sasa mwenye nyumba, aliwahi. Alikuja asubuhi, peke yake, akiwa na utepe wa kupimia mapazia, na Fundi alikuwa kibarazani akimsuka mama nywele.

“Karibu tena, baba!” mama alisema. “Je, tumepita?”

“Mmepita?” Bwana alicheka, akadhani ni mzaha. “Mama, nimekuja pia kukushukuru. Siku ile nilikuwa naangalia nyumba mbili, na ile nyingine ilikuwa rahisi zaidi. Moyo wangu ulikuwa kule. Ni maneno yako yaliyonigeuza. Nilimwambia mke wangu, nyumba inayosifiwa na mwenyewe siku anayoitoa, hiyo haina kasoro.”

Mikono ya Fundi ilisimama kwenye nywele.

“Siku anayoitoa?” mama aliuliza. Aligeuza shingo, msuko ukamponyoka Fundi. “Anasema nini huyu?”

Fundi alipiga magoti mbele yake, akasema. Alisema yote, bila kupanga, ovaroli, visima, gavana, rangi nyekundu, afisa pale kwenye ngazi, hata habari ya kwamba asingejitokeza mtu wangepona. Bwana alisikiliza mpaka pale, kisha uso wake ukabadilika. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Akaondoka, na geti akalifunga polepole sana.

Mama alikaa na nusu ya nywele zikiwa zimesukwa na nusu zimesimama. Hakulia. Alitazama ukuta aliomwambia mtu augonge.

“Mwanangu anajua?”

“Anajua, Mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

Mama aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu kinachopita. Aliinua mkono wake, Fundi akafumba macho akidhani atapigwa, na alitamani apigwe. Mkono ulitua kichwani kwake, mwepesi, ukakaa hapo.

“Ungeniambia,” mama alisema. “Mwanangu, ungeniambia tu, ningenyamaza.”